Februari iliyokosa jua Mikindani

Februari ya hapa Mikindani, jirani na Mtwara mjini, tunaijua. Upepo wa kaskazi unaelekea ukingoni, joto limeshiba, na mvua za msimu zilizoanza mwishoni mwa mwaka huwa zinapumzika kidogo kabla ya kurudi kwa nguvu Machi na Aprili. Watu hulala madirisha wazi. Wauza barafu za ukwaju humaliza mzigo kabla ya adhuhuri. Wakulima wanalipangia kazi pengo hilo la mvua: kupalilia mikorosho, kumalizia kupanda ufuta kwa upande wa Lindi, kuanika muhogo. Na wanaliogopa pia, maana likirefuka, mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele hunyauka yakiwa yamesimama.

Mwaka huu pengo halikutokea. Anga lilifunga siku za mwanzo za mwezi, na tangu hapo jua tumeliona kwa vipande, saa moja asubuhi hii, robo saa jioni ile. Kanga zilizofuliwa Jumatatu ziliingizwa ndani Jumatano bado zina unyevu, zimeanza kunuka uvundo. Wazee walitoa masweta ya kipupwe, yale ya Juni na Julai wakati kusi ikiwa kali. Nimeona niandike nilichokipima na nilichokiona kabla Machi haijakifunika, kwa sababu mwezi wa namna hii ukishapita watu hubaki na sentensi moja tu, "mwaka ule kulikuwa na baridi", na baada ya muda hakuna anayeweza kukwambia ilikuwa baridi ya aina gani, ilikuja saa ngapi, na ilimgusa nani.

Nilifundisha Jiografia sekondari kwa miaka mingi, na nilipostaafu nikajitengenezea kituo kidogo cha hali ya hewa uani kwangu. Si kitu kikubwa. Kuna kipimamvua cha plastiki chenye alama za milimita, kimefungwa kwenye nguzo mbali na mti na mbali na ukingo wa paa, maana matone ya paa yakiingia humo hesabu yote imeharibika. Kuna kibanda cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, ukuta wake wa vibao vilivyolazwa ili hewa ipite na jua lisipenye, na ndani yake kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini la siku nzima. Nasoma saa 3 asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ambayo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na ukitaka namba zako zilingane na za wenzako lazima usome saa moja nao. Wanafunzi wangu wa zamani wanaonipita barabarani na kunikuta nimeinama kwenye nguzo ile hawashangai.

Wiki ya kwanza mvua ilikuwa ile yetu ya kaskazi. Inakuja usiku kutoka baharini, inapiga mabati nusu saa kwa kishindo, inaondoka, na asubuhi mchanga umeshaanza kukauka. Wiki ya pili mambo yakabadilika. Mvua ikawa ya mchana, nyembamba, haina radi wala haraka. Inaanza na chai ya asubuhi na mpaka adhana ya Alasiri bado inadondoka. Mvua ya namna hiyo mimi naihusisha na Machi, tena Machi ya katikati. Kwa kipimo haikuwa nyingi, milimita 6 leo, 9 kesho, 4 keshokutwa, lakini ilikuwa haikatiki, na ardhi isiyopata nafasi ya kunywa ikashiba mapema.

Halafu ukaja usiku mmoja wa wiki ya tatu ambao kila mtu wa hapa ataukumbuka. Mikindani imekaa chini ya vilima, mji mkongwe umebanwa kati ya mlima na ghuba, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji hayana pa kwenda ila kupita katikati yetu. Tulikuwa tunasikia mawe yanagongana kwenye mfereji gizani. Asubuhi ghuba yote upande wa mji ilikuwa nyekundu kwa udongo, na mikoko imesimama kwenye maji ya rangi ya matofali. Kipimo kilikuwa kinasoma milimita 64. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24, kwa hiyo hiyo ilikuwa mvua kubwa bila ubishi.

Mzee mmoja mvuvi, jirani yangu, alipita nikiwa bado nimeshika kalamu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Kile kidude kinasemaje leo?"

"Kinasema milimita sitini na nne."

"Ndiyo nyingi, au kidogo?"

Swali lake ndilo swali la watu wengi wanaposikia utabiri redioni, na nalipenda kwa sababu jibu lake ni rahisi na zuri. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Nikamwambia paa lake lina kama mita za mraba 30. Zidisha kwa 64, unapata lita 1,920. Pipa ni lita 200.

"Mapipa tisa na kitu," akasema, akaliangalia paa lake. "Na yote yamepita mbele ya mlango wangu."

Wiki hiyohiyo akatafuta mabati ya kutengenezea mfereji wa paa. Nilifurahi sana.

Lakini jambo ninalotaka hasa kulisema ni hili la baridi. Kila mtu alikuwa analalamika baridi, na kweli mwili ulikuwa unaisikia. Nilipopanga namba za mwezi kwenye mistari miwili, joto la juu mstari mmoja na la chini mwingine, nikaona baridi yote imekaa upande mmoja. Februari ya kawaida kibanda changu kinafika nyuzi 31, mara nyingine 32, kwenye saa nane mchana. Mwezi huu siku nyingi kiliishia 26 au 27, na ile siku baada ya mvua kubwa hakikuvuka 25. Hiyo ni tofauti kubwa kwa pwani yetu, ambako nyuzi mbili tu zinatosha kubadilisha mazungumzo ya barazani. Upande wa usiku, hata hivyo, hakuna kilichobadilika. Alfajiri kipimajoto kilikuwa kinasoma 23 au 24, yaleyale ya kila Februari. Kuna siku ambazo kati ya mchana na usiku palikuwa na nyuzi 3 tu.

Sababu yake ni mawingu yenyewe. Mchana yanazuia jua lisifike ardhini, na usiku yanafanya kazi ya kawa juu ya sahani, joto la ardhi linalotaka kupanda juu linakutana na kifuniko na kubaki hapohapo. Kipupwe ni kinyume cha hayo: Julai anga ni safi, mchana jua linawaka vizuri tu, ila usiku joto lote linatoroka na alfajiri unatafuta shuka la pili. Kwa hiyo wazee waliotoa masweta mwezi huu waliyavaa saa sita mchana na kuyavua usiku. Niliwaona hivyo kwa macho yangu, na namba zikaniambia kwa nini.

Kuna baridi ya pili, fupi na kali zaidi, inayokuja pamoja na mvua. Dakika chache kabla ya matone makubwa upepo unageuka ghafla, unashuka kutoka mawinguni ukiwa umepozwa na maji yanayogeuka mvuke njiani, na joto linaanguka nyuzi tatu au nne kabla hujamaliza kukusanya nguo kambani. Wavuvi wanaujua upepo huo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ukiwakuta na tanga juu unaweza kuwapindua. Na wao ndio walionieleza jambo jingine: siku zile za manyunyu, ndani ya maji kulikuwa na joto kuliko nje. Bahari ilikuwa imeshahifadhi jua la Desemba na Januari, na wiki chache za mawingu haziwezi kuipoza. Vijana wanaovuta nyavu walikuwa wanachelewa kutoka majini kwa sababu wakitoka ndipo wanapotetemeka.

Upepo nao ulitufundisha kitu. Kwa desturi ngalawa hutoka alfajiri na umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, na kurudi mchana na upepo wa bahari. Upepo huo wa kurudia nyumbani unatengenezwa na jua: nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi. Jua likikosekana, nchi kavu na bahari zinabaki karibu sawa, na hakuna wa kumvuta mwenzake. Siku kadhaa niliziona ngalawa zimesimama mdomoni mwa ghuba tanga limenywea, watu wanapiga kasia. Walio na mashine waliwavuta wenzao kwa kamba. Mafuta ya mashine yana bei yake, na samaki wa siku hizo walipanda bei pale sokoni bila mnunuzi kuelewa kwamba analipia wingu.

Kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari jua linapita sawasawa juu ya utosi wetu. Sisi tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo linatupitia mara mbili, karibu tarehe 20 Oktoba likielekea kusini na tena mwishoni mwa Februari likirudi kaskazini. Siku hiyo nachomeka fimbo iliyonyooka uani na wajukuu wanakaa kuizunguka. Mnamo saa sita na nusu mchana, au dakika chache zaidi, kivuli chake kinapotea kabisa. Si saa sita kamili, kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 40, kwa hiyo jua linatufikia likiwa limechelewa. Tena mwezi Februari jua lenyewe lina dakika zake kama kumi na tatu za kuchelewa. Mwaka huu tuliichomeka fimbo na wajukuu wakakaa, lakini hapakuwa na kivuli cha kupotea. Siku nzima ua ulikuwa na mwanga mmoja wa kijivu. Mjukuu wangu mdogo aliuliza kama jua limepita bila kutuona, nikamwambia limepita, sisi ndio hatukuliona, na Oktoba tutaichomeka tena.

Mnataka kujua ilisababishwa na nini. Hapa mtaani jibu ni moja kwa mvua zote zinazozidi kiasi: "Ni elinino." Jina hilo lilituingia tangu mvua za 1997 na 1998, na halijatoka. Lakini El Niño, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, inajulikana zaidi kwa kuongeza mvua za vuli huko kaskazini mwa nchi na pwani ya kaskazini. Kwetu kusini, wenye msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, uhusiano wake si mnyoofu hivyo. Cha kutazama mwezi Februari ni ukanda mvua, ule mstari ambako pepo za kaskazini na za kusini zinakutana na hewa kupanda. Ukanda huo unalifuata jua. Januari na Februari unakuwa umeshuka kwetu na kuvuka hadi Msumbiji na Madagaska. Ukitulia kusini zaidi, sisi tunapata lile pengo letu. Ukiimarika na kukaa juu yetu, tunapata mwezi huu. Na ikitokea mgandamizo mdogo wa hewa umejijenga kwenye mlango-bahari wa Msumbiji au pembeni mwa Madagaska, unavuta hewa yenye unyevu kutoka magharibi, kutoka misitu ya Kongo, ipite juu ya nchi yetu. Nilikuwa naangalia mawingu yanatoka bara kwenda baharini, kinyume cha kaskazi ya kila siku, na bendera ya shule inapepea kuelekea ghubani. Hilo halikuwa la kawaida.

Mgandamizo mdogo kusini ukitajwa redioni, watu wa Mtwara na Lindi hawasikilizi kwa utulivu tena. Tunaikumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, shule zikafungwa na watu wa maeneo ya chini wakaambiwa wahamie sehemu za juu. Kiliingia nchi kavu tarehe 25 Aprili upande wa pili wa Ruvuma, Cabo Delgado, na ndugu zetu wa kule ndio waliobeba msiba. Wapo wazee wa Lindi waliosimuliwa na wazazi wao kuhusu kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji wao. Na Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara yetu ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, magari yakakwama, bidhaa zikapanda bei. Tangu hapo mvua ikikaa siku tatu mfululizo swali la stendi ni moja: "Somanga panapitika?" Mwezi huu limeulizwa mara nyingi.

Waliopata hasara kubwa kuliko wote ni akina mama wanaokausha samaki. Hili naomba nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hasara yao haionekani kwenye taarifa yoyote ya mvua. Mama ananunua dagaa ufukweni alfajiri kwa fedha ya kikundi. Anawachemsha na chumvi, anawatandaza kwenye kichanja. Kwa jua la Februari jioni ya siku hiyohiyo, au kesho yake mchana, wamekauka na anaweza kuwafunga kwenye gunia la kupeleka Masasi au Songea. Mwezi huu anawatandaza, manyunyu yanakuja, anawafunika na turubai. Anafunua, yanarudi. Chini ya turubai hakuna hewa, dagaa wanapata joto la wao kwa wao, na siku ya pili wanalegea na kugeuka rangi. Ng'onda nao ni vilevile: samaki amepasuliwa vizuri, amekolezwa chumvi, ila chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hewani, na hewa ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo ananing'inia siku nzima na bado anadondosha. Niliona mama mmoja akimwaga beseni zima la dagaa kwa bata. Alimwaga taratibu, hakusema kitu, akaenda kuosha beseni. Fedha ya kikundi inarudishwa Ijumaa, jua liwepo lisiwepo.

Nimekuwa nikiwaambia viongozi wetu wa mtaa, na narudia hapa, kwamba banda moja la kukaushia lenye paa la nailoni angavu na pande zilizo wazi kwa upepo lingeokoa kazi ya akina mama wengi. Joto linakusanywa hata na mwanga wa mawinguni, na mvua haiwagusi samaki. Si jambo la kusubiri mradi mkubwa.

Upande wa mashamba hadithi inategemea umepanda nini na wapi. Mdogo wangu wa kiume analima ufuta huko Lindi, ndani kidogo kutoka bonde la mto Lukuledi. Ufuta ni zao la ukame kwa asili yake: unapenda kupata mvua ya kuotea, kisha uachwe. Ukisimama kwenye maji siku chache, majani yanakuwa njano kuanzia chini na mizizi inaoza. Kipande chake kilichoko mteremkoni kimepona. Kile cha tambarare, ambacho ndicho alikipenda kwa sababu ni rahisi kulima, alikwenda kukiangalia na kunipigia simu: "Dada, huku ufuta umelala." Atapanda tena kama mvua ikimpa nafasi, ingawa anajua ufuta wa kuchelewa ukikosa mvua za mwisho hautoi kitu.

Wa mpunga wanacheka. Kule Kitere na kwenye mabonde ya Ruvuma maji yamesimama kwenye majaruba bila mtu kuhangaika nayo.

Na mikorosho? Kila ninayekutana naye ananiuliza kama mvua hii inamaanisha korosho nyingi au chache Oktoba. Mti wenyewe una mizizi mirefu, mvua ya Februari inaupa nguvu na haiudhuru, isipokuwa magugu yamepanda hadi kiunoni na palizi itagharimu mara mbili. Mwezi wa kuamua bado uko mbele. Mkorosho unachanua kuanzia Juni na Julai, na adui wake ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokaa kwenye maua na majani machanga asubuhi zikiwa na baridi na unyevu. Vijana wasiopata kuuona mwaka mbaya hawajui ulichotufanyia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, kuhamishiwa vijijini na bei mbaya zikiwemo, lakini ubwiri unga ulikuwa na sehemu yake kubwa, na ni salfa pamoja na miche bora ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele vilivyotuinua tena. Kwa hiyo anayetaka kubashiri korosho asinipe daftari la Februari. Aje Agosti alfajiri, aangalie umande.

Ndani ya nyumba unyevu ulikuwa na makazi yake. Nyumba nyingi za mji mkongwe hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na kiangazi ni nyumba nzuri kuliko zote. Kwa mwezi kama huu ukuta unanyonya maji kutoka chini, mstari wa unyevu unapanda hadi usawa wa kitanda, na nyuma ya kabati panaota ukungu wa kijani. Waliozipiga plasta ya saruji nje wana tabu zaidi kuliko walioacha chokaa, kwa sababu chokaa inapumua na saruji inafungia maji ndani ya ukuta. Fundi wangu mzee alinieleza hayo zamani, na mwezi huu nimeyaona nyumba baada ya nyumba.

Dada yangu yuko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na kwake mwezi huu ulikuwa neema tupu. Newala maji ni hesabu ya kila siku. Uwanda una udongo wa kichanga unaomeza mvua yote moja kwa moja chini sana, chemchemi ziko mabondeni, na wanawake wa kule kwa vizazi wameteremka na kupanda miteremko ile na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umesaidia tangu enzi za ukoloni, lakini pampu ikisimama watu wanarudi kwenye kununua ndoo. Kila nyumba yenye uwezo ina kisima cha kuvunia maji ya paa, na Februari kwa kawaida ndiyo wanapoanza kuangalia usawa wa maji kwa wasiwasi. Mwaka huu kisima cha dada kilijaa hadi kikamwaga. Aliniambia pia kwamba siku nyingi asubuhi ukisimama pale Shimo la Mungu, ambako uwanda unakatika na kawaida unaona hadi bonde la Ruvuma, hukuona kitu: mawingu yalikuwa chini ya miguu.

Kuna watu wanaoniuliza mvua ya uani kwangu inamfaa nani. Nawaelekeza watazame jina la mtaa wa Reli pale Mtwara mjini. Kuanzia 1947 Waingereza walimwaga fedha nyingi kwenye mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikalazwa kuelekea Nachingwea. Kongwa, ambako walianzia, mvua haikutosha na haikutabirika, na hakukuwa na kumbukumbu za miaka ya kutosha za kuwaonya. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli yetu iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, likabaki jina la mtaa. Daftari la mvua la miaka ishirini kwenye mikono ya mtu mmoja makini lingekuwa na thamani kuliko matrekta yote yale.

Tena mvua yetu ya pwani inanyesha kwa michirizi. Kati ya Mikindani na Mtwara mjini ni kilomita kama 10 tu, na siku ya zile milimita 64 kijana wa bodaboda alinikuta nimelowa akashangaa: "Mwalimu, mbona Magomeni kule Mtwara mjini kukavu?" Kituo kimoja cha uwanja wa ndege hakiwezi kutusemea wote. Ndiyo maana mwisho wa mwezi nilituma kipimamvua cha pili Newala, kwa basi la asubuhi, kimefungwa kwenye gazeti, na maelekezo kwa dada: kiwe wazi juu, mbali na paa na mwembe, kisomwe saa 3, kimwagwe, kiandikwe hata kikiwa sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Jana alinitumia ujumbe wake wa kwanza. Kwake ilikuwa milimita 18. Kwangu, asubuhi hiyohiyo, ilikuwa 4, na jua lilitoka saa tano.